Kwenda Nguzo za Isimila: mwongozo wa siku moja kutoka Iringa mjini

Wengi wanaokwenda Isimila huanzia mwisho. Wanashuka kwenye gari, wanauliza nguzo ziko wapi, wanakimbilia huko, wanapiga picha, na ndani ya dakika arobaini wako barabarani tena. Nimewapeleka wageni wengi pale, ndugu zangu na wanafunzi, na kila mara nimeona jambo lile lile: aliyeanza na zana za mawe za watu wa kale ndiye anayekaa kimya mbele ya nguzo. Aliyekimbilia nguzo anaona udongo mrefu tu. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wangu, na ninakuomba usiubadilishe.

Kwanza ujue unakwenda kuona nini

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, karibu na barabara kuu iendayo Mbeya. Ni korongo. Kijito cha msimu, ambacho miezi mingi ya mwaka ni mchanga mkavu, kimechimba ardhi hadi kikaacha nguzo zimesimama peke yake, nyekundu, kijivu na nyeupe kwa matabaka, ndefu mara nyingi kuliko mtu. Unapita katikati yake ukiangalia juu kama mtoto aliyeingia sebule ya watu wazima.

Zamani sana bonde hili lilikuwa na madimbwi na maji yaliyotulia. Mchanga, mfinyanzi na changarawe vilishuka kutoka kwenye miinuko, vikatuama, tabaka juu ya tabaka. Wanyama walikuja kunywa, na watu wa kale wakafuata maji na wanyama. Baadaye hali ikageuka: maji yaliyokuwa yakijaza bonde yakaanza kulikata. Mvua inayonyesha kwa kishindo hupita penye ufa, huupanua, hubomoa palipo laini. Panapokuwa na tabaka gumu juu, tabaka hilo hufanya kazi ya kofia: hukinga udongo ulio chini yake, na pembeni yote yakiondoka, hapo hubaki nguzo. Kofia ikianguka, nguzo nayo haina maisha marefu.

Sasa lishike hili moja, kwa sababu ndilo linalobeba safari nzima: maji yaliyochonga nguzo ndiyo yaliyofukua zana. Bila mmomonyoko, mashoka ya mawe yangekuwa bado yamelala chini ya miguu ya ng'ombe na hakuna ambaye angejua. Mwaka 1951 mwanafunzi wa Afrika Kusini, akisafiri kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, aliokota zana hapo korongoni. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago akaja na wenzake kuchimba kwa utaratibu. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa njia ya urani vilitoa umri wa takribani miaka 260,000.

Chagua mwezi

Iringa ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Nenda kati ya mwisho wa Mei na Oktoba. Juni na Julai asubuhi kuna baridi ya nyanda za juu, baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam au Tanga haitegemei, kwa hiyo beba sweta hata kama jua linawaka dirishani. Kuanzia Septemba joto linapanda na vumbi linaongezeka.

Masika nayo ina uzuri wake, majani mabichi pembeni ya ukuta mwekundu, lakini mfinyanzi uliolowa ni utelezi mtupu. Niliwahi kwenda mwezi wa Machi siku moja baada ya mvua, nikaanguka kwenye mteremko wa kwanza kabisa na mkono ukavimba wiki nzima. Hilo ni dogo. Kubwa ni maji yenyewe: korongo la msimu linaweza kupokea maji ya mvua iliyonyesha juu huko, mahali usipopaona, wakati kichwani mwako jua linawaka. Ukiona wingu zito upande wa miinuko, usishuke. Ukiwa tayari umeshuka na mngurumo ukasikika, panda. Picha utapiga siku nyingine.

Fika Iringa jana yake

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zinazokaribia 500. Mabasi yanaondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na safari inakula siku nzima: Morogoro, kisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi ambako unaweza kuona tembo au twiga ukiwa kwenye kiti chako, kisha Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara, kisha Mlima Kitonga wenye kona zake. Ukitoka Mbeya unakuja kwa Makambako na Mafinga. Ukitoka Dodoma unapita Mtera.

Usijaribu kuunganisha kutoka kwenye basi moja kwa moja hadi Isimila siku ile ile. Utafika umechoka, jua limekwenda, na mteremko haumpendi mtu aliyekaa saa tisa kwenye kiti. Lala mjini. Nyumba za wageni ziko za kila bei. Jioni kula ugali na kuku wa kienyeji, na kama ni msimu wake na mwenyeji akakukaribisha ulanzi, pombe ya mianzi, onja jioni hiyo hiyo, si asubuhi ya safari.

Kitu kimoja cha heshima: jifunze kusema "Kamwene". Ndiyo salamu ya Wahehe, na hata matamshi yako yakiwa ya kubabaisha, utaona uso wa mama anayeuza maandazi unavyofunguka.

Vitu vya kubeba

Viatu ndivyo vinavyotangulia. Viwe vimefunga mguu na soli iwe na meno. Nimeona dada mmoja akishuka kwa ndala zenye shanga. Alishuka vizuri, kupanda ndiko kulikomshinda, ikabidi avue na kupanda pekupeku kwenye kokoto kali. Maji, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu, maana korongoni hewa haipiti na ukuta unarudisha joto. Kofia au mtandio. Kitu cha kutafuna, maana usitegemee mgahawa: karanga, ndizi, chapati iliyoviringishwa ndani ya mfuko. Mfuko huo urudi nao.

Beba pia kitambulisho chako, cha taifa kama ni raia au kibali cha ukaazi kama ni mgeni unayeishi nchini, kwa kuwa viingilio vya maeneo ya malikale hutofautiana kati ya raia na mgeni. Malipo ya serikali siku hizi yanapita kwa simu au benki kwa namba maalumu ya malipo unayopewa, hivyo hakikisha una salio kwenye simu na betri imejaa. Weka na fedha taslimu kidogo kwa ajili ya nauli na ya kumshukuru mwongozaji.

Toka mjini mapema

Kwa usafiri wa umma, tafuta daladala au kosta iendayo Ifunda au Mafinga. Zote zinapita njia panda ya Isimila. Mwambie kondakta kabla hujakaa: "Kaka, nishushe njia panda ya Isimila, kwenye makumbusho." Rudia tena mkishapita Ipogolo, maana kondakta ana abiria wengi na kibao ukikipita kwa kasi hukioni. Ukielekea Mbeya, kibao kiko mkono wa kushoto.

Kutoka njia panda ni mwendo wa kama dakika ishirini kwa miguu, barabara ya vumbi isiyo na mlima wa kutisha. Mimi huupenda mwendo huu na simpi mtu ruhusa ya kuukwepa kama ana afya. Unatembea juu ya tambarare, mashamba huku na huku, hakuna dalili yoyote ya kitu cha ajabu. Hiyo ndiyo siri ya korongo: halionekani hadi uko ukingoni. Ukija na gari hadi mlangoni unakosa mshangao huo.

Bajaji au teksi kutoka mjini nazo zinakwenda. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, kabla hujapanda. Dereva wa kusubiri mpe saa tatu. Ukimpa saa moja na nusu utakuwa unaangalia saa badala ya kuangalia ukuta.

Lenga kufika saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi. Jua likiwa bado pembeni, kila nguzo ina upande wa mwanga na upande wa kivuli, na mifereji yote iliyochongwa na maji inajitokeza kama mishipa. Saa sita mchana rangi zinapauka, kila kitu kinaonekana bapa. Alasiri, kuanzia saa kumi, mwanga unarudi na wekundu unaiva zaidi kuliko asubuhi, lakini mwenye kutegemea daladala asiuchezee muda huo.

Anzia makumbusho, usipite mbio

Pale mapokezi utaandika jina kitabuni, utalipa, na utapewa mtu wa kukuongoza. Mkubali. Njia zinaonekana rahisi, lakini yeye ndiye anayejua ukingo upi umeliwa chini mwaka huu na mawe yapi yamelegea. Msalimie kwanza, mwambie umetoka wapi na una muda gani. Ukiwa na mzee au mtoto, mweleze hapo hapo.

Makumbusho ni madogo. Kaa humo nusu saa. Angalia maumbo ya zana ili macho yazizoee: shoka la mkono, lenye umbo la tone au la jani, limechongwa pande zote mbili hadi likatoa ncha, patasi pana yenye makali yaliyonyooka mbele, vipande vya kukwangulia ngozi, mawe ya mviringo ya kugongea. Watu waliozitengeneza walitumia miamba iliyokuwapo, ikiwemo itale na kwatzi. Kwatzi ni jiwe kaidi, linapasuka linavyotaka lenyewe. Mtu aliyeweza kulitoa umbo lenye ulinganifu alikuwa na mkono uliofundishwa, na alikuwa na mtu wa kumfundisha.

Uliza pia kuhusu kiboko. Kati ya mifupa iliyopatikana Isimila iko ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa mithili ya darubini ya nyambizi. Kiboko haishi pakavu. Ukitoka nje ukatazama lile bonde kavu lenye miti ya miiba, mfupa mmoja unakwambia palikuwa na maji ya kutosha kumzamisha mnyama wa ukubwa ule.

Shuka kwenye zana

Mteremko wa kwanza unakupeleka mahali zana zilipoibuliwa. Zipo zilizoachwa zimelala pale pale chini, kwenye kibanda cha kuzikinga na mvua. Wageni hupita hapo haraka kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza ni mawe. Chuchumaa. Chagua moja tu, lifuate kwa macho kuanzia kitako hadi ncha, hesabu makovu ya mapigo. Mengine ni makubwa isivyo kawaida, marefu kuliko kiganja changu mara mbili, na wataalamu bado wanajadiliana mtu wa kale alitaka nini na shoka zito hivyo.

Usiokote kitu. Hata kipande kidogo, hata mwongozaji akiwa ameangalia pembeni, hata ukikiona mbali na kibanda katikati ya kokoto. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchukua malikale bila kibali. Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na moyo wangu: jiwe lililobaki mahali pake linajua tabaka lake, na tabaka ndilo linalolipa umri. Likiingia mfukoni mwako linakuwa jiwe tu. Vivyo hivyo usichezeshe ukuta kwa fimbo ili uone kama kuna lingine ndani.

Kama mtoto ameuliza kama anaweza kushika, muombe mwongozaji. Mara nyingine huwa na kipande cha kuonyeshea. Nilimwona mpwa wangu wa miaka tisa akikishika, akakigeuza mara mbili, kisha bila kuambiwa akakipata kile kilalio cha kidole gumba. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, kinakaa."

Sasa nenda kwenye nguzo

Hapa ndipo unatumia muda wako mwingi. Nguzo ziko upande wa pili, mwendo mfupi kutoka makumbusho. Usikubali kushuka moja kwa moja. Simama kwanza ukingoni, hatua tatu nyuma ya kingo na si juu yake, maana kingo nyingi zimeliwa chini na udongo unaoonekana imara unaning'inia hewani. Kutoka hapo juu tafuta kitu kimoja: vichwa vya nguzo. Utaona vingi vinakaribia kulingana na tambarare uliyosimama juu yake. Hiyo ndiyo ardhi ya zamani. Zamani ungeweza kutembea kutoka ulipo hadi ng'ambo bila kushuka popote. Yote yaliyo kati yenu, hewa yote ile, ilikuwa udongo, na maji yameubeba kuelekea Ruaha Mdogo, mto ule unaopita chini ya mji pale Ipogolo.

Mwenye magoti mabovu anaweza kubaki hapa na asijione amekosa. Shangazi yangu alikaa kwenye jiwe na mtandio kichwani saa nzima, na tuliporudi kutoka chini alitueleza mambo ya mwanga na kivuli ambayo sisi tulioshuka hatukuyaona.

Mkishuka, shukeni mmoja mmoja, mguu upande upande kama mnavyoshuka ngazi, mkono mmoja ukiwa huru. Anayefuata asubiri aliye mbele afike, ili kokoto anazosukuma zisimpate kichwani. Usishike nguzo kama mhimili. Zinaonekana mwamba, lakini sehemu kubwa ni mchanga na mfinyanzi vilivyoshikana, na ukipitisha kidole utaona chembe zinabaki kwenye ngozi.

Ukifika chini, tembea katikati ya kitanda cha mchanga. Soma ukuta kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa cha chini ndicho cha kwanza kulala. Mstari wa kokoto mviringo ni siku za maji yenye nguvu. Tabaka laini la kijivu ni maji yaliyotulia, tope lililoshuka taratibu. Wekundu ni chuma kilicho ndani ya udongo, kimeshika kutu kikikutana na hewa. Ukishaweza kutenganisha hayo matatu, zunguka nguzo moja taratibu ukitafuta tabaka lile lile kwenye nguzo ya pili, halafu ya tatu. Utalipata, kwa urefu ule ule, na hapo mkono hautaki tena kupiga picha, unataka kunyoosha mstari hewani kutoka moja hadi nyingine.

Kwa picha, mweke mtu mmoja chini ya nguzo ili ukubwa ueleweke, akiwa hatua chache mbele yake, asiegemee. Simu ishikwe wima. Piga pia picha ya karibu ya matabaka, ambayo karibu hakuna anayeipiga na ndiyo utakayoiangalia zaidi ukifika nyumbani.

Kuna majina yamechongwa kwenye kuta. Utayaona, na yataniuma kama yanavyoniuma kila mara. Jina linafungua ngozi ya ukuta, mvua ya kwanza inaingia palepale, na mwaka unaofuata panabomoka pana kuliko herufi. Kupanda juu ya nguzo ni vibaya zaidi, na ni hatari. Ukimwona kijana anajaribu, mwite kwa upole: "Mdogo wangu, shuka, hiyo si jiwe." Wengi hushuka. Hawakuwa wanajua.

Kabla ya kupanda kurudi, kaeni kimya dakika tano. Upepo wa Iringa ukipita juu ya korongo, chini mnasikia chembe zikidondoka kutoka kwenye kuta, moja, kisha kimya, kisha mbili. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, bado inaendelea.

Kurudi, na muda ukibaki

Mkitoka mlangoni kabla ya saa saba mchana mna nafasi nzuri ya usafiri. Tembeeni hadi barabara kuu, vukeni kwa uangalifu kwa sababu malori ya Zambia na Kongo hayapunguzi mwendo pale, na simameni upande wa kuelekea Iringa. Gari zinazotoka Mafinga na Ifunda zinasimama zikiwa na nafasi. Usiache hadi jioni; giza likiingia, dereva hamwoni mtu wa kando ya barabara.

Kalenga, kwenye makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, iko barabara nyingine, ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Kwa gari binafsi unaweza kuunganisha siku hiyo hiyo. Kwa daladala, iwekee siku yake. Jioni inatosha kupanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji, na kutazama jua likizama upande ulikotoka.

Viatu usivikung'ute vumbi hotelini. Vigonge mlangoni pa makumbusho kabla hujaondoka, mchanga wa Isimila ubaki Isimila.